Panga usomaji wa kitabu kuanzia kwenye foleni ya saini

Anayeandaa hafla ya mwandishi kusoma na kusaini vitabu huanza, mara nyingi, na jukwaa: nani amkaribishe nani, nani ashike kipaza sauti, bango liwe la rangi gani. Nashauri aanzie mwisho. Aanzie mezani, pale msomaji anaposimama mbele ya mwandishi na nakala yake mkononi, kwa dakika moja au pungufu. Hiyo ndiyo dakika iliyomtoa nyumbani. Sauti ya mwandishi angeweza kuisikia redioni, na kitabu angekinunua siku yoyote. Kumwambia mwandishi jambo lake uso kwa uso ndiko kusikopatikana kwingine. Kwa hiyo kila linaloamuliwa kabla ya hapo, yaani urefu wa usomaji, idadi ya nakala, mpangilio wa viti, lipimwe kwa swali moja: linailinda dakika hiyo au linaila?

Piga hesabu kwanza. Saini tupu, kitabu kikiwa kimeshafunguliwa kwenye ukurasa unaotakiwa, huchukua sekunde 10 hadi 15. Ongeza jina la msomaji na maneno mawili matatu, unakaribia dakika nzima. Picha ya simu inakula nusu dakika nyingine, hasa kama mpigaji ni mgeni wa nyuma kwenye foleni ambaye hajawahi kuishika simu ile. Watu 60 wakitaka jina, neno na picha, hiyo ni saa moja na nusu. Sasa tuseme maswali yameisha saa 2:30 usiku na mwenye ukumbi anafunga saa 3:00. Watu 20 watasainiwa. 40 watarudi na vitabu vitupu, na hao ndio watakaosimulia hafla yako kwa wenzao.

Kuna njia tatu za kutoka hapo, na zote ziamuliwe wiki kadhaa kabla. Fupisha jukwaa. Au weka kikomo: nakala mbili kwa mtu, na picha zipigwe mwandishi akiwa anaandika, bila kuinuka wala kujipanga. Au acha majina na usaini tu. Mimi ningeanza na ya pili, maana jina kwenye ukurasa ndilo linaloifanya nakala iwe ya mtu huyo. Kanuni yoyote utakayochagua iandikwe kwenye tangazo na isemwe tena kabla foleni haijapangwa. Ikitangazwa katikati ya foleni, walio nyuma wanaadhibiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Kwa jioni ya mwandishi mmoja, mgawanyo unaotoshea vizuri ni dakika 5 za kukaribisha, 15 za kusoma, 20 za mazungumzo na 15 za maswali. Jumla haifiki saa moja. Waandishi wengi wapya wakisikia dakika 15 wanahisi wamepunjwa. Hawajapunjwa. Anayesoma kwa macho akipotea anarudi juu aya mbili. Anayesikiliza akipotea amepotea, na mhusika wa tatu akiingia hadithini ameshasahau wa kwanza ni nani. Dakika 15 zigawanywe mara mbili, saba na nane, katikati pawe na maelezo mafupi. Ukimya wa ukumbi hukaa vizuri zaidi hivyo kuliko katika kipande kimoja kirefu.

Kifungu cha kusoma si lazima kiwe ukurasa wa kwanza. Tafuta tukio linalosimama lenyewe, lenye wahusika wawili au watatu, mahali pamoja, na jambo linalobadilika kati ya mwanzo na mwisho wake. Mazungumzo ya wahusika husikika vizuri kuliko maelezo marefu ya mandhari. Epuka kifungu kinachohitaji utangulizi wa dakika tatu; kisipoeleweka kwa sentensi mbili za utangulizi, chagua kingine. Na kikatizwe kabla jambo halijatatuliwa, kwa sababu meza ya mauzo iko hatua chache tu kutoka hapo na msomaji atataka kujua kilichofuata.

Ukurasa wa kawaida wa riwaya huchukua dakika mbili hadi tatu ukisomwa kwa sauti bila haraka. Kwa hiyo kurasa tatu zinatosha kwa dakika saba. Usikadirie kwa kusoma kimoyomoyo. Soma kwa sauti, umesimama, saa mbele yako, mara mbili au tatu siku tofauti. Jukwaani wengi huharakisha kwa woga, halafu maneno yanabanana na ukumbi unaacha kusikiliza.

Hakuna sheria inayomlazimisha mwandishi asome kila neno lililochapishwa. Charles Dickens, aliyesoma kazi zake hadharani kwa malipo kuanzia 1858 hadi 1870, alipanda jukwaani na nakala maalumu za kusomea: vifungu vimekatwa, maneno ya kukazia yamepigiwa mstari, na pembezoni maelekezo ya sauti na ishara. Mwandishi wa leo afanye vivyo hivyo. Ondoa kila "alisema" ambayo sauti yenyewe inaionyesha. Ondoa mhusika anayetajwa mara moja tu, na sentensi inayorejelea sura ambazo wasikilizaji hawajazisoma. Kisha chapa kifungu hicho kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi pana kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi. Aya isikatike mwisho wa ukurasa, kurasa zipewe namba, na zisibanwe kwa pini, ili iliyokwisha isukumwe pembeni bila kelele. Karatasi zikishikwa mkononi hutetemeka na kila mtu anaona. Ziwekwe juu ya kibao cha kusomea. Ila kitabu chenyewe kiwepo, jalada likitazama watu, wakijue sura yake watakapofika mezani.

Anayesoma kutoka kwenye simu azime taarifa zote, aiweke katika hali ya ndege, aongeze mwanga na azuie skrini isijifunge yenyewe. Simu inayolala katikati ya sentensi imeshavunja visa vingi vizuri.

Ushairi una utaratibu wake. Amua mapema kama shairi litasomwa au litaghaniwa, kisha pima muda kwa sauti ileile utakayoitumia, kwa kuwa kughani huchukua muda mrefu zaidi. Katika utenzi, ubeti wa mishororo minne yenye mizani minane kila mmoja unampa msomaji pumzi ya asili mwishoni mwa ubeti. Asivute hewa katikati ya mshororo. Katika shairi la mizani 16, pumzi ndogo ipo kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo. Tatizo kubwa ni kuimba vina mpaka maana inazama. Kina kitajisikia chenyewe; sauti ikazie neno lenye maana. Kati ya shairi na shairi nyamaza sekunde nne au tano, usilifafanue shairi lililopita kwa maelezo, na ukisoma mashairi sita hakikisha hayafanani urefu wala hali.

Kipaza sauti kinahitaji robo saa ya majaribio kabla ya watu kuingia. Mdomo ukae umbali wa sentimita 10 hadi 15, na kipaza sauti kiwe pembeni kidogo mwa mdomo badala ya mbele yake, maana herufi p na b hupuliza hewa inayopasuka kwenye spika. Spika zikae mbele ya msomaji, zikielekea hadhira. Zikiwa nyuma yake, sauti inarudi kwenye kipaza sauti, inakuzwa tena, inarudi tena, na hapo ndipo mlio ule mkali unapozaliwa. Ukumbi mtupu hudanganya: miili na nguo za watu hunyonya sauti, kwa hiyo kiwango kinachotosha saa ya majaribio kitakuwa hafifu viti vikijaa. Mtu mmoja asimame safu ya mwisho na aonyeshe kwa mkono kama anasikia. Kipaza sauti kisicho na waya kiwekwe betri mpya siku hiyohiyo, za akiba zikae mfukoni mwa fundi. Na mtu akisema "mimi nina sauti kubwa, sihitaji hicho", apewe hata hivyo. Wapo wanaosikia kwa shida ambao hawatanyoosha mkono kusema.

Mwongoza mazungumzo awe amekisoma kitabu chote. Nasisitiza neno chote, kwa sababu ni rahisi kumpa kazi hii mtu mwenye jina badala ya mtu mwenye muda. Aliyesoma sura mbili atauliza "ulipata wapi wazo hili?", na mwandishi atajibu kama alivyojibu mara nyingi nyuma. Aliyesoma hadi mwisho ataweza kuuliza kwa nini sura fulani imesimuliwa na mtoto, au kwa nini barua haikujibiwa. Aandae maswali manane, atarajie kutumia matano. Wawili hao wazungumze kwa simu siku chache kabla, wakubaliane ni jambo gani la hadithi lisifichuliwe na ni jambo gani la maisha ya mwandishi lisiguswe. Wasifanye mazungumzo yenyewe kwenye simu hiyo, maana jibu likishatolewa huko hutoka baridi jukwaani.

Zamu ya hadhira huanza na kimya. Kimya hicho kiachwe. Hesabu hadi kumi polepole, na mara nyingi mkono unanyooka ukifika saba. Usiponyooka, mwongozaji awe na swali la akiba. Msaidizi anayezungusha kipaza sauti asikiachie. Akishike yeye mwenyewe mbele ya muulizaji, kwa heshima, na hotuba zinazojiita maswali hupungua sana kwa hatua hiyo moja. Swali lisilosikika lirudiwe na mwongozaji kabla halijajibiwa. Dakika tano kabla ya mwisho aseme "tunachukua mawili ya mwisho", achukue mawili kweli. Baada ya hapo aeleze kwa sentensi tatu: vitabu vinauzwa wapi, foleni inaanzia wapi, mwandishi atakuwepo hadi saa ngapi. Asipofanya hivyo watu wa safu ya mbele wanamzunguka mwandishi palepale jukwaani, na foleni inazaliwa ikiwa donge.

Nakala ndizo zinazoharibu hafla kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi kwa sababu moja: hazijafika. Ziagizwe wiki sita hadi nane kabla kama zinatoka mbali, na zihesabiwe zikiwa mezani kwako, si kwa ahadi ya simu. Fungua maboksi siku zinapofika. Kitabu hufungwa kwa vikundi vya kurasa, mara nyingi 16 au 32, kwa hiyo kosa la kiwandani linaweza kurudia kundi zima au kulikosesha. Pekua nakala kadhaa kutoka kila boksi. Kwa kukadiria, leta nakala sawa na nusu ya watu unaowatarajia kama kitabu ni kipya, na robo kama kimeshakaa sokoni zaidi ya mwaka, kwa kuwa wengi watakuja na zao. Vitabu vya zamani vya mwandishi huyohuyo vitano vitano havizidi, na ni aibu kuvisahau.

Mwandishi akileta nakala zake mwenyewe na muuzaji akazipokea kwa mali kauli, pawe na karatasi. Iandikwe nakala ngapi zimeingia, ngapi zimeuzwa, ngapi zimerudishwa, muuzaji anabaki na asilimia ngapi, malipo yanafanyika tarehe gani, na hasara ya nakala iliyoibwa au kuharibika ni ya nani. Sahihi mbili, nakala mbili za makubaliano. Ulizeni pia mapema kama mchapishaji anakubali kurudishiwa vitabu vilivyokwisha kusainiwa, maana si wote wanaokubali, na mwandishi aliyesaini rundo zima kwa furaha anaweza kuwa amemfunga muuzaji kwenye mzigo huo.

Msomaji alipe kwanza, ndipo asainiwe. Nakala iliyoandikwa jina la mtu ambaye baadaye anagundua hana fedha haiuziki tena kwa mwingine. Meza ya mauzo ikae kabla ya meza ya saini katika mwelekeo wa watu kutembea, na foleni isikate mlango wala njia ya viti vya magurudumu. Stakabadhi ibaki ndani ya kitabu ikichungulia, ili msaidizi aone mara moja kipi kimelipiwa hapa na kipi kimetoka nyumbani. Na hili la vitabu vya nyumbani liamuliwe na litangazwe: vinakaribishwa vingapi? Kuvikataa kabisa naona ni kosa. Mtu aliyekuja na nakala iliyochakaa kwa kusomwa ndiye msomaji ambaye mwandishi anatamani kukutana naye.

Wasaidizi wawili wanatosha kwenye foleni. Wa kwanza anatembea na vipande vya karatasi na kumwomba kila mtu aandike, kwa herufi kubwa, jina linalotakiwa kitabuni, kisha anakichomeka kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Majina yanayosikika sawa huandikwa tofauti, na ukumbini pana kelele. Bila karatasi hiyo mwandishi atauliza herufi moja moja, au ataandika kosa kwa wino usiofutika. Kama kitabu ni zawadi, karatasi iseme ni ya nani na kwa tukio gani. Wa pili anakaa ubavuni mwa mwandishi, upande usio wa mkono wa kuandikia, anapokea kitabu, anakifungua palepale kwenye karatasi na kukisogeza. Huyu ndiye anayekomboa sekunde 20 kwa kila mtu. Pia ndiye anayesema kwa upole "asante sana, karibu tena" kwa aliyekawia, ili mwandishi asilazimike kumkatiza mtu. Foleni ikitakiwa kufungwa, msaidizi wa kwanza asimame nyuma ya mtu wa mwisho na kuwaeleza wanaofika baadaye.

Kalamu ni jambo dogo ambalo watu hulikumbuka meza ikishawekwa. Peni ya kawaida hukwaruza na kuacha alama kwenye ukurasa wa pili. Makapeni ya wino wa kudumu hupenya karatasi ya riwaya na kutokea upande wa nyuma. Kalamu ya jeli inaandika vizuri lakini hukauka polepole, na kitabu kikifungwa haraka saini inajichapa ukurasa wa pili. Inayofaa karatasi isiyong'aa ni kalamu ya ncha nyembamba, milimita 0.5 hadi 0.8, yenye wino wa chembe za rangi (pigment) usiochuja kwa maji wala kufifia kwa mwanga. Vitabu vya picha na vya watoto vyenye karatasi inayong'aa ni habari nyingine: wino wa maji hautashika, utateleza na kupakaa. Hapo makapeni yenye ncha nyembamba ndiyo yanayofaa, na karatasi safi ya kunyonya wino iachwe ndani kabla ya kufunga. Jaribu kila kalamu kwenye nakala yenyewe, ukurasa wa nyuma, siku moja kabla. Ziwe nne au tano za aina moja. Kalamu za kuazima kwenye foleni huisha zikiwa sita, kila moja na rangi yake.

Mwandishi asaini kwenye ukurasa wa jina la kitabu, ule wenye jina kamili na jina lake limechapishwa. Karatasi tupu ya mwanzo huchanika au kutolewa kirahisi zaidi. Asitumie sahihi yake ya benki. Awe na saini ya vitabu, fupi, aliyoifanyia mazoezi, kwa kuwa hii ataisambaza kwa watu asiowajua na picha zake zitasambaa mitandaoni. Awe pia na maneno matatu au manne ya kuandika aliyokwisha kuyafikiria, kwa sababu mbele ya watu 50 hakuna sentensi mpya itakayokuja. Mkono ukichoka, asimamishe dakika mbili kila baada ya vitabu 40 hivi. Kiti kisiwe chini kuliko meza inavyotaka, na rundo la vitabu lisijengwe mbele yake hadi msomaji amwone nywele tu.

Viti vya ukumbini vipangwe vichache kuliko watu unaowatarajia. Hafla ya bure hupoteza sehemu kubwa ya waliothibitisha, hasa mvua ikinyesha; ukitarajia 60, panga 40 na vingine vikae vimerundikwa ukutani, viongezwe mbele ya macho ya watu. Watu 35 katika viti 40 wanakaa karibu, wanacheka pamoja, wanauliza. Haohao katika viti 100 wanatawanyika na kila mmoja anajihisi amekosea siku.

Usomaji wa waandishi kadhaa wa mji mmoja unadai ukali zaidi wa saa. Watano wanatosha, dakika saba kila mmoja, na kadi ya "dakika 1" inyanyuliwe na mtu wa safu ya mbele ambaye wote wamemjua kabla. Mchanganye anayejulikana na anayeanza, lakini anayejulikana asome wa mwisho au wa kabla ya mwisho. Akisoma wa kwanza, wageni wake wataondoka naye. Mezani wote wakae pamoja, foleni moja, la sivyo mmoja atakuwa na watu 30 na jirani yake atakuwa anapanga upya kalamu zake. Kwa mji wenye maktaba, maduka ya vitabu na vilabu vya usomaji, kitu chenye faida kuliko vyote ni kalenda ya pamoja inayoangaliwa kabla ya kutangaza tarehe. Wasomaji wanaotoka usiku kwenda kumsikiliza mwandishi ni walewale, na hafla mbili Alhamisi moja zinawagawa. Siku isiyobadilika, mfano Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, hujenga hadhira ambayo bango pekee halijengi.

Wageni wakishatoka, mwandishi asaini nakala zilizobaki kwa saini tupu, idadi iliyokubaliwa na muuzaji tu, na zibandikwe alama nje kuonyesha zimesainiwa. Mauzo yahesabiwe usiku huohuo, pande zote mbili zikiwepo, kwa kulinganisha stakabadhi na nakala zilizosalia. Walioondoka bila saini kwa sababu muda uliisha, au bila kitabu kwa sababu nakala ziliisha, waandikishwe majina mlangoni. Kwao kuna vibandiko: vipande vya karatasi yenye gundi isiyo na asidi ambavyo mwandishi anavisaini nyumbani, na jina la kila mtu, na vikafika dukani ndani ya wiki moja vikisubiri kubandikwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu.